Sura ya Sita: Mtoto Mmoja, Sheria Mbili

Mto Kagera umeikumbatia Wilaya ya Kyerwa pande mbili. Magharibi, ng'ambo ya maji, ni Rwanda. Kaskazini, ukivuka Murongo, unaingia Kikagati, Uganda. Rubwera, makao makuu ya wilaya hii iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ni mji mdogo wenye ofisi nyingi. Mkazi wa vijiji vya mpakani akitaka cheti, muhuri au barua, safari yake mara nyingi huishia hapa, au Kayanga kwa upande wa Karagwe.

Watu wa pande zote za mto huu walioana kabla ya mpaka kuwapo. Ufalme wa Karagwe, uliokuwa na nguvu enzi za mfalme Rumanyika katikati ya karne ya 19, ulifahamiana na falme za Rwanda, Nkore na Buganda kwa biashara, kwa vita na kwa ndoa. Wajerumani walipotawala, Rwanda, Burundi na Tanganyika zilikuwa ndani ya koloni moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walishika Rwanda na Burundi, Waingereza wakashika Tanganyika, na mto ukageuka mpaka wa mataifa. Harusi hazikukoma. Hadi leo kahawa inapoiva na migomba inapotaka kupaliliwa, vibarua huvuka. Baadhi yao huoa au kuolewa, na watoto huzaliwa.

Sura hii inawahusu watoto hao. Kila mmoja wao yuko chini ya sheria mbili kwa wakati mmoja. Sheria ya familia inauliza: huyu ni mtoto wa nani, na lipi linamfaa? Sheria ya uhamiaji inauliza: huyu ni wa nchi gani, na ana kibali gani? Swali la pili halijibiki kabla ya la kwanza, kwa sababu uraia wa mtoto hutoka kwa wazazi wake. Hata hivyo, mara nyingi wanaouliza la pili hawasubiri jibu la la kwanza. Nina hakika kwamba madhara mengi wanayopata watoto wa mpakani yanaanzia katika pengo hilo.

Waliokuja, waliobaki, waliorudishwa

Machafuko ya Rwanda yaliyoanza mwaka 1959 yaliwaleta wakimbizi Karagwe, na baadhi yao walipewa makazi Kimuli, ambayo sasa imo Kyerwa. Mwaka 1980, chini ya Mwalimu Nyerere, Tanzania iliwafungulia mlango wa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 36,000. Ulikuwa uamuzi wa ukarimu usio na mifano mingi barani Afrika. Lakini si kila familia iliishia na cheti mkononi. Wengine waliona hakuna haja: walikuwa na shamba, walikuwa na majirani, watoto wao walisoma na wenzao. Miaka 30 baadaye, wajukuu waliulizwa karatasi ambayo babu hakuifuata.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya muda wa siku moja hivi. Karagwe nayo ilipokea wakimbizi, na Rubwera yenyewe ikawa na kambi, sambamba na Kagenyi, Chabalisa na Omukariro. Katika ukanda mzima wa Maziwa Makuu, watoto zaidi ya 100,000 walikuwa wametengana na wazazi wao, na mashirika kama Msalaba Mwekundu na UNICEF yaliandikisha majina, yakapiga picha na kutafuta ndugu. Desemba 1996 serikali iliwataka wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na karibu wote waliondoka. Wachache walikuwa wameshaingia katika kaya za wenyeji, wakiwa wake, waume, au watoto waliochukuliwa na kulelewa.

Mwaka 2006 maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda waliondolewa tena Kagera. Mwishoni mwa Julai 2013, Rais Kikwete alitoa wiki mbili kwa wageni wasio na vibali waondoke wenyewe. Septemba 2013 ilianza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu walivuka kabla ya operesheni, maelfu wengine walikamatwa. Rwanda iliwapokea wengi katika kambi ya Kiyanzi, wilayani Kirehe.

Serikali ilikuwa na sababu zake. Ujambazi wa kutumia silaha ulikuwa umewachosha wananchi wa Kagera, na makundi makubwa ya ng'ombe yalikuwa yakiingia kwenye ardhi ya vijiji na hifadhi. Nchi ina haki ya kujua nani yumo ndani yake. Ila operesheni haikamati familia. Inakamata mtu mmojammoja. Mwaka 2014 shirika la Human Rights Watch lilichapisha maelezo ya watu waliotenganishwa na wenzi wao na watoto wao katika zoezi hilo, wakiwamo walioondoka bila kupata nafasi ya kuaga au kuwachukua wanao.

Familia moja ya mfano

Ili tuone sheria zinavyofanya kazi, tuchukue familia ya kubuni inayofanana na nyingi za huku. Baba ni Mnyambo, mzaliwa wa Kyerwa, mkulima wa kahawa. Mama alivuka kutoka Rwanda akiwa kibarua. Wameishi pamoja miaka 13. Wazee wa pande mbili walikutana, mahari ikatolewa, lakini hakuna aliyekwenda kuandikisha ndoa. Wana watoto watatu: wa kwanza ana miaka 12, wa pili 8, wa mwisho 3. Mmoja alizaliwa kituo cha afya, wawili nyumbani. Hakuna mwenye cheti cha kuzaliwa.

Sheria ya familia inaitazama nyumba hii kwa jicho la upole. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kimila, na kutoandikishwa peke yake hakuibatilishi. Hata kama mila hazikukamilika, kifungu cha 160 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakwenda mbali zaidi. Kifungu cha 4 kinataka maslahi ya mtoto yawe ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Kifungu cha 6 kinampa haki ya jina, ya utaifa, na ya kuwajua wazazi na ukoo wake. Kifungu cha 7 kinampa haki ya kuishi na wazazi wake. Kama kuna ubishi juu ya baba, mahakama inaweza kuangalia ndoa ya wazazi, jina lililo katika daftari la vizazi, mila aliyoifanya baba kwa ajili ya mtoto, namna alivyomkiri mbele ya watu, au kipimo cha vinasaba. Hayo ni maendeleo makubwa. Chini ya kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, baba aliyezaa nje ya ndoa alitakiwa alipe shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa ili ahesabiwe kuwa wake. La sivyo mtoto alikuwa wa ukoo wa mama. Wahenga walikuwa wamekwisha kusema kwamba kitanda hakizai haramu, na bunge limechukua muda mrefu kuwafikia.

Kwa hiyo, kwa sheria ya familia, watoto wetu watatu wana baba, wana mama, na wana nyumba. Shahidi anayehitajika ni kijiji chenyewe.

Mlango wa pili

Sheria ya Uraia, namba 6 ya mwaka 1995, ukiisoma kifungu cha 5 peke yake, utadhani kila aliyezaliwa katika Jamhuri ya Muungano ni raia, isipokuwa watoto wa mabalozi wa nje na wa maadui wa vita. Katika utekelezaji, mtoto huhesabiwa raia wa kuzaliwa pale tu ambapo mzazi mmoja angalau ni raia. Hivyo mzigo wote wa uraia wa watoto wetu unamwangukia baba. Je, inajulikanaje kuwa yeye ndiye baba?

Hapa mlango unabadilika. Ofisa wa uhamiaji anataka cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba, kitambulisho cha baba, cheti cha ndoa, barua ya serikali ya kijiji. Mahari iliyotolewa mbele ya wazee, ambayo hakimu angeipokea kama ushahidi, haina sehemu ya kuandikwa katika fomu. Miaka 13 ya kuishi pamoja, ambayo kwa hakimu ni ndoa, mezani kwa ofisa huyo ni ushahidi kwamba mwanamke amekaa nchini miaka 13 bila kibali.

Na mama mwenyewe? Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia kinampa mwanamke aliyeolewa na raia haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Njia ipo, lakini inaanzia kwenye cheti cha ndoa ambacho hana. Tukiigeuza familia, mama awe Mnyambo na baba awe Mnyarwanda, mlango huo haupo kabisa. Mume mgeni anafuata masharti ya kila mgeni: miezi 12 mfululizo nchini kabla ya kuomba, na kabla ya hapo jumla ya miaka isiyopungua 7 ndani ya miaka 10, na ukaazi huo uwe halali. Watoto wa mwanamke wa Kyerwa ni raia kupitia mama yao, lakini baba yao anaweza kuondolewa kama mgeni mwingine yeyote. Nchini Botswana, Mahakama ya Rufani iliukataa ubaguzi wa aina hiyo mwaka 1992 katika shauri la Unity Dow, mwanasheria ambaye watoto wake walinyimwa uraia kwa sababu baba yao alikuwa Mmarekani. Kwetu ubaguzi kati ya mume na mke bado umo ndani ya kifungu.

Siku mama anapoondolewa

Sasa tuseme mama amekamatwa. Kama wazazi hawa wangekuwa wanaachana, wangefika mahakamani. Hakimu angemwita ofisa ustawi wa jamii aandike taarifa juu ya nyumba, shule na afya ya watoto. Angekumbuka kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa, kinachosema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza, na kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 anadhaniwa kuwa anafaa kukaa na mama yake. Angepima pia ubaya wa kumhamishahamisha mtoto, na kama amefikia umri wa kusema, angemsikiliza. Mwisho angetoa amri: nani anakaa na nani, nani anatoa matunzo, na lini mzazi wa pili anawaona.

Mama anapoondolewa na uhamiaji, watoto wanatenganishwa na mzazi kwa kiwango kilekile, pengine zaidi, lakini hakuna hata hatua moja kati ya hizo iliyo ya lazima. Uamuzi unapitishwa nyumbani, ndani ya saa chache. Mtoto wa miaka 3 bado ananyonya au analala na mama, basi anakwenda naye. Wakubwa wana shule, wanabaki na baba au bibi. Ndugu watatu wa tumbo moja wanagawanyika pande mbili za mto, na hakuna aliyeandika popote kwamba ni ndugu.

Kuanzia hapo kila sheria inamwona mtoto tofauti. Mdogo, ambaye ni raia wa Tanzania kwa baba yake, anaingia Rwanda kama mtoto wa Mnyarwanda, na sheria ya huko inampa uraia kupitia mama. Akirudi akiwa na miaka 15 kumtafuta baba, anaonekana mgeni. Wakubwa waliobaki wanahitaji mtu wa kutia saini shuleni na hospitali. Bibi anawalea, lakini hana amri ya ulezi. Ni bibi tu. Mama aliyeko ng'ambo akidai matunzo, amri ya mahakama ya Tanzania haifiki Kirehe, na ya Rwanda haimlazimishi baba aliyeko Kyerwa. Haki zote alizopewa mtoto na sheria ya mwaka 2009 bado zipo kwenye kitabu. Ila aliyetakiwa kuzidai hayupo tena nchini.

Mambo huwa magumu zaidi mama anapokuwa Mrundi. Sheria ya uraia ya Burundi ya mwaka 2000 humpa mtoto uraia kupitia baba. Kupitia mama ni pale tu ambapo baba hajulikani au amemkana. Mtoto wa baba Mtanzania asiyethibitishwa kwa karatasi na mama Mrundi anaweza kukataliwa kote kuwili: huku kwa kuwa baba hakuthibitishwa, kule kwa kuwa baba anajulikana.

Ndoa iliyomfikisha Arusha

Kuna shauri moja linaloonyesha kwamba tatizo hili halimalizwi na umri. Anudo Ochieng Anudo alizaliwa mwaka 1979 Masinda, Butiama. Alikuwa na pasipoti ya Tanzania. Mwaka 2012 alikwenda kituo cha polisi Babati kwa ajili ya taratibu za ndoa yake. Pasipoti ikashikiliwa kwa madai kwamba uraia wake una shaka. Tarehe 1 Septemba 2014 alipelekwa Kenya. Kenya nayo ikamkataa kama mgeni asiye na kibali, akabaki akiishi mpakani, eneo la Sirari, kati ya nchi mbili.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ilitoa hukumu tarehe 22 Machi 2018. Ilisema kwamba mtu ambaye serikali yenyewe ilimtambua kwa nyaraka zake ni raia mpaka serikali ithibitishe kinyume, na mzigo huo ni wa serikali. Maelezo kuhusu nani aliyemzaa Anudo yalikuwa yanapingana, na mahakama ilisema kipimo cha vinasaba ndicho kingemaliza ubishi. Iliagiza aruhusiwe kurudi, na sheria irekebishwe ili ubishi wa uraia upate njia ya mahakama, kwa kuwa Sheria ya Uraia inafanya uamuzi wa Waziri kuwa wa mwisho.

Angalia kilichobishaniwa: nani ni baba, nani ni mama. Hilo ni swali ambalo mahakama za Tanzania hulijibu kila siku katika mashauri ya matunzo, kwa utaratibu wa Sheria ya Mtoto. Lilipoulizwa na uhamiaji, utaratibu huo haukutumika, na mtu mzima akalala miaka bila nchi.

Miaka 18

Mtoto wa mpakani anaweza kusoma shule ya msingi bila kusumbuliwa sana. Mwalimu wa kijijini anamjua, mwenyekiti wa kitongoji anamjua. Shida inakua naye. Kitambulisho cha taifa, cha NIDA, kinapofuatwa, katika mikoa ya mpakani kijana huhojiwa kuhusu wazazi, babu na mahali walikotoka. Pasipoti inadai cheti chake cha kuzaliwa na uthibitisho wa mzazi. Mkopo wa chuo unadai cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Na kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima, kijana mwenye uraia wa nchi ya mama analazimika, akifikia utu uzima, kuukana huo wa pili ili abaki Mtanzania. Wengi hawajui kwamba wana uraia wa pili wa kukana.

Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ililishughulikia jambo hili Machi 2011, katika malalamiko ya watoto wa Kinubi wa Kenya ambao walikuwa wakisubiri hadi miaka 18 ili waanze kuhojiwa kama ni Wakenya. Kamati ilisema utoto haungoji: mtoto anastahili utaifa tangu kuzaliwa, kwa kuwa shule, matibabu na ulinzi anavihitaji akiwa mtoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Mtoto mwaka 2003, kwa hiyo tafsiri hiyo inatuhusu.

Yanayoweza kufanyika

La kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kwamba ni asilimia 26 tu ya watoto wa chini ya miaka 5 waliokuwa wamesajiliwa. RITA imeleta usajili wa watoto hao karibu na watu, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, bila malipo. Kwa familia za Murongo, Kaisho au Mabira, ninawasihi: mtoto akizaliwa, nendeni baba na mama pamoja, majina yote mawili yaandikwe, hata kama mama hana kibali. Ushahidi wa ubaba haupatikani kwa urahisi kuliko siku ambazo baba yupo, mkunga yupo na wazee wapo. Baada ya miaka 10 usajili unadai ushahidi wa ziada, na baadhi ya mashahidi watakuwa kaburini.

La pili, andikisheni ndoa ya kimila. Cheti cha ndoa ndicho kinachomfungulia mwanamke njia ya kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia.

La tatu, pale ubaba unapobishaniwa, Sheria ya Mtoto inamruhusu mzazi, mlezi, mtoto mwenyewe au ofisa ustawi wa jamii kuomba mahakama itamke mzazi ni nani. Tamko hilo ni karatasi yenye nguvu kuliko barua yoyote ya kijiji, na bibi anayelea wajukuu anaweza vilevile kuomba amri ya ulezi.

Lakini familia haziwezi kuziba peke yao pengo lililoachwa na sheria. Bunge linapaswa kumpa mume mgeni njia ileile ya mke mgeni, na kufungua mahakama kwa ubishi wa uraia. Zaidi ya yote, mzazi anapokamatwa kwa kosa la uhamiaji na ana mtoto, ofisa ustawi wa jamii aitwe kabla hajaondolewa: aandike watoto ni wangapi, umri wao, nani mzazi wa pili, na watabaki na nani. Kazi hiyo haifuti mamlaka ya Uhamiaji ya kumwondoa asiye na haki ya kukaa. Inahakikisha tu kwamba hakuna mtoto anayeondolewa katika nchi yake mwenyewe, na hakuna anayebaki bila mtu, kwa sababu swali moja halikuulizwa.

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Mtoto kinazitaja mahakama, taasisi za ustawi, na mamlaka za utawala, na Uhamiaji ni mojawapo ya hizo. Wajibu wa kutanguliza maslahi ya mtoto tayari ni sheria katika ofisi zote za Rubwera na Kayanga. Kilichobaki ni kuutekeleza katika chumba ambamo kibali kinaulizwa, kwa uzito uleule unaotolewa katika chumba ambamo talaka inasikilizwa.